Mwalimu wa Gari Anayewafundisha Akina Cucu Kushuka na Ndege

Saa tisa alasiri, ndege ya Tabby Wachuka iko futi elfu ishirini na tisa juu ya Tsavo, na rubani mwenyewe anakunywa chai.

Usukani hajaugusa kwa muda mrefu. Kikombe kiko mkono wa kulia, andazi mkono wa kushoto, na ndege inakwenda zake kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Mbele yake skrini tatu zinaonyesha mawingu na nchi kavu yenye rangi ya kutu. Chini ya sakafu ya mbao kuna spika kubwa iliyotoka kanisani, na hiyo ndiyo injini. Inanguruma mpaka vikombe vilivyo rafuni vinagongana.

Nyuma ya Wachuka, kwenye kiti kilichong'olewa katika Nissan kuukuu, ameketi Cucu Kabura, yaani Bibi Kabura, mkulima wa chai kutoka Kiriaini mwenye umri wa miaka sitini na saba. Amevaa koti la Jumapili. Mkoba uko mapajani, mkanda umefungwa, kitambaa cha kichwa kimekazwa hadi kwenye nyusi. Tangu tupae hajatazama skrini hata mara moja.

"Mwarimu," anauliza, "tumefika wapi?"

"Tumepita Mtito Andei, Cucu. Kunywa chai."

"Chai nitakunywa nikishuka."

Ndege hii haijawahi kuondoka Majengo, mjini Nyeri. Imekaa katika chumba cha mabati nyuma ya shule ya udereva, baina ya kinyozi na banda la kuku wa kuuza. Msikiti uko karibu, na adhana inapoanza Wachuka hupunguza sauti ya injini kwa heshima, hata kama ndiyo kwanza magurudumu yanaacha ardhi ya Nairobi. Ni ndege ya kompyuta, ya kuigiza urubani, aina ambayo vijana huicheza vyumbani mwao ili kupoteza wakati.

Lakini Cucu Kabura hachezi. Leo ni Jumanne. Ijumaa anatakiwa kupanda ndege ya kweli kwenda Kanada, na hakuna mtu katika familia yake anayeamini kwamba atapanda.

Binti yake, Shiro, anaishi huko na mumewe na watoto wawili wa kike. Kwa desturi ya Wakikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na wa pili hupewa la mama ya mama yake. Huyo wa pili ana miezi kumi na mmoja. Anaitwa Kabura.

"Watu wanasema ni mjukuu," Cucu alinieleza kabla ya kufunga mkanda. "Huyo si mjukuu. Huyo ni mimi. Nimezariwa huko mbari na bado sijaenda kujiona."

Alijaribu mwezi wa tano. Alifunga mizigo, akapakia njahi, yale maharagwe meusi, na unga wa uji wa kumtunza mzazi, akafika hadi kwenye mlango wa uwanja wa ndege Nairobi. Hapo akageuka. Mwanawe Gicheru, mfanyabiashara wa mbolea, alirudi naye nyumbani.

"Hakuna mtu aliongea mpaka Sagana," Gicheru anakumbuka. "Halafu akaniambia nisimamishe gari anunue ndizi. Ati ndizi! Mimi nataka kulia, yeye anabishana bei na mama wa ndizi."

Safari hii hakuna nafasi ya kubahatisha. Viza inakwisha mwezi ujao, na Shiro amesema waziwazi kwamba tikiti ya tatu hataweza kununua.

Sasa, kinachomtisha mama huyu ni nini? Si urefu. Mtu aliyezaliwa kwenye miteremko ya Kiriaini, anayechuma chai mahali ambapo kikapu kikikuponyoka unakifuata mtoni, hatishwi na urefu. Wala si kupaa. Kinachomtisha ni kimya.

Ili kumwelewa, lazima umjue adui mkubwa wa barabara za huku kwetu: dereva anayeteremka na "free". Ni yule anayefika kileleni, anatoa gia, injini inatulia, na gari linajiteremkia lenyewe kwa uzito wake ili yeye aokoe mafuta ya kikombe kimoja. Kila mtu wa mlimani anamjua. Kila mtu amewahi kumpigia kelele kutoka kiti cha nyuma.

Miaka ya nyuma Kabura alikuwa juu ya pikapu iliyobeba kabichi, na dereva akafanya hivyo hivyo. Breki zilipokataa, gari liliingia katikati ya shamba la chai na kulala ubavu. Hakuna aliyekufa. Kabura alivunjika kifundo cha mguu, na mpaka leo anachechemea asubuhi za baridi.

"Kitu nakumbuka si kuanguka," anasema. "Nakumbuka engine ikinyamaza. Nikajua tu. Huyu ameweka free."

Waliosema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka walikuwa wanamzungumzia yeye. Miaka kadhaa baadaye, mfadhili mmoja aliwalipia akina mama wa kanisa lake safari ya Mombasa, kwenda kwa ndege na kurudi kwa reli. Yote yalikuwa mazuri mpaka karibu na Voi. Ghafla ngurumo ya injini ikafifia, pua ikainama kidogo, na Kabura akasimama na mkanda wake akapiga nduru: "Ngai! Ameweka free! Huyu dereva ameweka free!"

Akina mama thelathini, wote watu wa milimani, walielewa papo hapo. Wengine walianza wimbo wa mazishi. Wahudumu walipita wakibembeleza kiti kwa kiti, na ndege ikatua salama salimini huku nusu ya abiria wakiwa wameshaomba msamaha wa dhambi zao zote. Mtu wa pwani asingefanya kosa hilo. Ni letu sisi.

Hapo ndipo Tabby Wachuka anapoingia.

Wachuka ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, anaishi mtaa wa Skuta, na kwa zaidi ya miaka kumi kazi yake imekuwa kufundisha watu kuendesha gari. Asubuhi utampata darasani amesimama mbele ya meza yenye mji mdogo wa kuchora, akisukuma lori la plastiki kwenye mzunguko na kufoka: "Wewe! Umeingia bila kuangalia kulia! Umeua watu!" Ana sauti ya kuamsha kijiji na kicheko kinachokuja haraka zaidi ya hasira. Somo lake la kwanza kwa kila mwanafunzi ni moja: ukiteremka na free, shuka kwenye gari langu utembee.

Ndege ilimwingia kwa bahati. Duka la michezo ya kompyuta karibu na soko lilifungwa, mwenyewe akawa anauza vitu, na Wachuka akaenda kununua kompyuta ya ofisi. Ndani yake akakuta mchezo wa ndege. Akasema ataufuta kesho. Kesho hiyo haijafika.

"Nilikuwa nafikiria ni kama gari tu, lakini iko na mabawa," anacheka. "Wah! Nilianguka Nairobi, nikaanguka Nanyuki, nikaanguka hata kama sijapaa."

Baada ya kuanguka vya kutosha, akaanza kujifunza ndege kubwa ya abiria, na huko akakutana na kitufe kidogo kilichoandikwa VNAV. Nitajaribu kukieleza kama nilivyoelezwa. Rubani wa mashine, ile otopailoti, ana kazi mbili kubwa. Moja ni kuelekeza ndege kushoto na kulia. Ya pili ni kuipandisha na kuishusha, na hiyo ndiyo kazi ya kitufe hiki. Ukikibonyeza baada ya kupaa, ndege inapanda yenyewe, inachagua kasi yenyewe, inatulia juu. Kisha, ikiwa bado mbali sana na safari inakoishia, inapiga hesabu ya kushuka.

"Na haihesabu kutoka juu ikikuja chini," Wachuka anasema, na hapo macho yake yanang'aa kama ya mtoto aliyeona zawadi. "Inaanzia kwa runway! Inasema, mimi nataka kuguza pale, na speed hii. Halafu inarudi nyuma, nyuma, nyuma, mpaka inapata place ya kuanza kushuka. Ikifika hapo, inapunguza mafuta yenyewe. Engine inanyamaza. Inateleza tu mpaka karibu na uwanja. Si ni maajabu?"

Ni maajabu. Lakini mara ya kwanza alipoyaona, mwalimu wetu hakufurahi hata kidogo. Aliona mafuta yakikatwa bila yeye kugusa kitu, akasikia injini ikififia, na mkono wake ukaruka wenyewe kurudisha nguvu. Ndege ikatoka kwenye hesabu yake. Alifika Mombasa akiwa juu mno, akaupita uwanja, akajikuta baharini. Siku iliyofuata, vivyo hivyo. Kwa majuma mawili hakutua hata mara moja.

"Kichwa kilikuwa kimeelewa," anasema. "Ni mkono. Mkono wa dereva ulikuwa unakataa. Nilikuwa naukalia, kweli, naukalia hivi, ndio usishike."

Siku aliyotua kwa mara ya kwanza alitoka nje akipiga vigelegele, na Yonis, fundi wa umeme wa magari aliye mlango wa pili, akaja mbio akidhani kuna moto. Tangu hapo Yonis ni mshirika wake. Ni yeye aliyemtengenezea vishikio vya nguvu za injini, vile vya kusukuma mbele na kuvuta nyuma, na kuviunganisha na mota ya waipa ya Probox iliyopata ajali. Mashine inapopunguza mafuta, vishikio vinarudi nyuma vyenyewe, taratibu, bila mtu.

"Alikuja kuniambia anataka vijisonge vyenyewe," Yonis anasema, akifuta mikono. "Nikamwambia, dada, wewe unataka fundi ama unataka jini?"

Wateja walianza kwa utani. Mama mmoja wa Karatina aliyekuwa anaenda kuwaona wajukuu Marekani alikuja kuuliza kama ni kweli ndege hutingishika. Wachuka akamkalisha nyuma, akampeleka Mombasa na kumrudisha. Mama huyo akamwambia mwenzake, na mwenzake akawaambia watu wa kanisa. Leo wanakuja kutoka Othaya, Mweiga na Chuka. Mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki aitwaye Roble alimleta mama yake kabla ya safari ya Hija. Wachuka hutoza shilingi mia tano kwa safari, na juma likiwa zuri huwa na abiria wanane. Kwa mwalimu wa gari, hiyo si haba.

Na hapa kuna jambo ambalo nililisikia nikadhani ananitania. Tabby Wachuka hajawahi kupanda ndege. Hata mara moja. Uwanjani Nairobi amefika kusindikiza tu.

Turudi kwa Cucu Kabura. Somo lake la kwanza halikufika mbali. Alishuka kabla ndege haijapaa. Somo la pili alikaa, lakini karibu na Voi, injini ilipofifia na vishikio vikarudi nyuma, alifumba macho akaomba kwa sauti kubwa mpaka kinyozi akachungulia. Ndege ilipotua alifumbua macho, akamtazama Wachuka, akamuuliza swali ambalo lilimnyima usingizi.

"Mwarimu, huyu Gicheru ulimfundisha gari wewe?"

"Ndio, Cucu."

"Na ulimwambia asiteremke na free?"

"Nilimwambia."

"Sasa mbona unaniambia ndege ikiteremka na free ni sawa? Kwani free ya tajiri si free?"

Wachuka alikaa na swali hilo siku tatu, akilisukuma huku na huku kama lori lake la plastiki, na Jumanne hii, kabla ya somo la tatu, alikuja na jibu tayari.

"Cucu, yule dereva wa kabichi," alimwambia, "alijua atasimama wapi?"

"Hakujua. Ndio tukasimama kwa chai."

"Basi hiyo ndio free mbaya. Hii ndege kwanza imejua mahali itasimama. Halafu engine haijazimwa, imepumzika tu, unaweza kuiamsha saa yoyote. Na breki iko. Na tena haiwezi kuanza kushuka bila ruhusa."

"Ruhusa ya nani?"

Wachuka akamwonyesha kijidirisha chenye namba na kitufe cha kuzungusha. Rubani ndiye anayeweka hapo urefu anaoruhusu ndege ishuke. Hata kama mashine imeshapiga hesabu zake zote, usipozungusha namba hiyo kwenda chini, ndege itapita pale ilipopaswa kushukia na kuendelea juu kwa juu.

"Ni kama mgeni wa heshima," Wachuka alisema. "Amevaa koti, amechukua fimbo, anataka kwenda. Lakini hainuki kwa kiti mpaka mwenye nyumba aseme, haya, tuombe uende."

"Basi iko na adabu," akasema Cucu Kabura.

Hiyo ndiyo sababu alasiri hii tuko juu ya Tsavo, na chai, na andazi. Wachuka amepanga aongee mambo matamu ili Cucu asikae akisubiri kimya kwa hofu. Anamuuliza kuhusu Kabura mdogo. Meno ameota mangapi? Anatambaa? Na Cucu, ambaye kwa mambo mengine hasemi sana, anafunguka. Anasimulia jinsi mtoto anavyokuja kwenye simu na kulamba skrini. Anasimulia kwamba Shiro humwita mtoto "maitu", mama yangu, na kwamba juzi walipompigia alimkemea binti yake kwa kumwacha "mama yake", yaani mtoto, bila soksi. Wachuka anacheka mpaka chai inamwagika. Gicheru, aliyemleta mama yake na kusimama nyuma yetu, anacheka. Mwandishi huyu pia anacheka, kalamu ikiwa imesahaulika.

"Mwarimu," Cucu anakatiza.

"Naam, Cucu?"

"Voi si tumepita?"

"Tumepita, ndio."

"Sasa mbona haijanyamaza?"

Kicheko kinakatika. Wachuka anageuka kwenye skrini, na uso wake, niseme ukweli, nitaukumbuka muda mrefu. Ujumbe umeshaandikwa pale ukimkumbusha aweke urefu mpya, hakuna aliyeuona. Namba kwenye kijidirisha bado ni elfu ishirini na tisa. Mwenye nyumba amenogewa na hadithi, na mgeni amesimama mlangoni na fimbo yake, akisubiri kuombewa.

"Woiye! Sijazungusha!"

Yanayofuata ni vurugu tamu. Kikombe kinawekwa sakafuni, andazi linaingia lote mdomoni, namba zinazungushwa kwenda chini mbio mbio, kitufe kinabonyezwa. Vishikio vinarudi nyuma, spika inafifia, pua inainama. Lakini tumechelewa, tuko juu mno, na Wachuka anainua kishikio kingine, cha kuinua vibao vya juu ya mabawa ili kupunguza mwendo. Sakafu inaanza kutetemeka. Gicheru anashika ukuta. Mimi namshika Gicheru.

"Hiyo ni nini?" Cucu anauliza.

"Ni breki, Cucu!"

"Haya. Shika sana."

Macho yake yako wazi! Ameegemea mbele, ameshika mgongo wa kiti cha Wachuka kwa mikono miwili, na anaangalia skrini kama mtu anayeangalia penalti. Bahari inatokea. Uwanja unatokea. Tunatua mbali kidogo na mahali pake, kwa kishindo, breki zinalia, na ndege inasimama lami ikiwa imebaki kidogo tu.

Wachuka amefunika uso. Siku tatu kabla ya safari, mwanafunzi mwoga kuliko wote, na mwalimu amefanya kosa la mwanafunzi. Aliniambia baadaye kwamba wakati huo alikuwa na hakika amemharibia mama huyu safari ya Kanada kabisa.

"Turudie," Cucu Kabura anasema.

"Cucu, pole sana, mimi..."

"Nimesema turudie. Na hiyo kitu ya kuzungusha, nitazungusha mimi."

Uzuri wa kompyuta ni kwamba inaweza kukurudisha angani bila maswali. Wachuka anairudisha ndege juu ya Tsavo, na Cucu anahamia kiti cha mbele kando yake, na mkoba wake na koti lake. Anaonyeshwa kitufe. Anakizungusha polepole, kwa vidole vilivyozoea kuchuma majani mawili na chipukizi, mpaka namba inasoma elfu tatu. Kisha anakunja mikono na kusubiri.

Vishikio vinaanza kurudi nyuma vyenyewe. Ngurumo inafifia, inafifia zaidi, na chumba kinakuwa kimya hivi kwamba tunawasikia kuku wa jirani na mashine ya kinyozi. Pua inainama. Cucu hapepesi jicho.

"Imenyamaza," anasema.

"Ndio, Cucu."

"Na haijafa."

"Haijafa. Imepumzika."

"Haya. Lete hiyo chai sasa."

Wachuka aliruka kutoka kitini akapiga vigelegele, na Yonis akaja tena mbio, safari hii akiwa na ndoo ya maji.

Lakini skrini ni skrini. Ijumaa asubuhi tulikuwa wanne mbele ya mlango ule ule wa uwanja wa Jomo Kenyatta: Cucu Kabura, Gicheru, Wachuka aliyefunga darasa siku nzima, na mwandishi huyu ambaye hakuwa na kazi yoyote Nairobi lakini asingekosa kwa lolote. Gicheru alikuwa ameegesha gari karibu, tayari kwa safari ya kurudi.

Cucu alifika mlangoni, akasimama. Akaweka begi chini. Gicheru akatazama pembeni.

"Mwarimu," akaita bila kugeuka.

"Niko hapa, Cucu."

"Huyu dereva wa leo anajua kuzungusha ile kitu?"

"Anajua sana. Tena wako wawili."

"Mwambie asianze hadithi kama wewe." Akaokota begi lake, akaingia. Hakutazama nyuma, na ni vizuri, kwa sababu sisi watatu nje tulikuwa tunalia kama watoto.

Habari zilikuja Jumapili, Wachuka akiwa ametoka kanisani. Ulikuwa ujumbe mrefu wa sauti, na alinipigia simu niende Skuta tuusikilize pamoja. Mwanzo ulikuwa vilio vya mtoto, kisha sauti ya Cucu akimbembeleza mtu na kumwita kwa jina lake mwenyewe. Amefika. Amejiona. Ana mashavu, alisema, na hasira, kama alivyokuwa yeye.

Halafu akaanza kumgombeza Wachuka.

"Mwarimu, kunyamaza nilingojea, na kulinyamaza vile ulisema. Kijana mmoja hapo kando yangu alikuwa anashika kiti, nikamwambia, tulia, imepumzika. Lakini wewe hukuniambia masikio! Masikio iliziba yote mbili, ikauma, nikafikiri nimekuwa kiziwi. Ile safari ya Mombasa sikusikia kwa sababu nilikuwa napiga nduru. Mbona hukuniambia masikio?"

Wachuka alisimamisha ujumbe. Alinitazama, kisha akaanza kucheka, kicheko kile chake cha kuamsha kijiji, mpaka akaketi kwenye ngazi na kufuta machozi kwa ncha ya leso.

"Sikumwambia kwa sababu sijui!" alisema. "Nimeshuka Mombasa mara ngapi? Mamia! Masikio yangu iko vile niliyaacha."

Mpango alioufanya pale pale kwenye ngazi ni huu. Yonis atatafuta namna ya kuongeza viti viwili, kwa sababu kuna orodha ya akina mama wa Kiriaini waliosikia habari za Kabura. Lakini kabla ya viti, Desemba, shule ikifungwa, Wachuka atakata tikiti ya Mombasa. Atakaa nyuma kabisa, karibu na dirisha, na mikono yake ataikalia kama zamani.

"Sitaki kuona rubani. Sitaki kuona kitufe," alisema, bado akicheka. "Nataka tu tufike Voi, inyamaze, na masikio yangu pia yazibe."